Bwana wa Pembe Aliyekuwa Bibi: Uchambuzi wa Kisa cha Kaburi la Valencina

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki, cha mtu aliyezikwa Hispania miaka karibu 5,000 iliyopita na kudhaniwa mwanamume hadi meno yake yalipopimwa, ni cha kweli na matokeo yake yamekwisha kuchapishwa. Majina ya wachimbuaji, ya mtaalamu wa mifupa na ya watu wa maabara nimeyaacha, kwa kuwa hapa tunachambua maamuzi, hatumsaki mtu. Marehemu mwenyewe hana jina. Katika kumbukumbu za uchimbuaji ana namba, basi.

Nimekichagua kwa sababu kipimo cha jinsia kwa enameli ya jino, ile ganda gumu la nje, kinasifiwa siku hizi kana kwamba mashine hutamka tu "mume" au "mke", na majibu hayo mawili yakawa na nguvu sawa. Hayana nguvu sawa. Jibu moja linatokana na kitu kilichoonekana, la pili linatokana na kitu kilichokosekana, na mwenye kukosa sharti aeleze alitafuta vipi.

Usuli

Mwaka 2008 wachimbuaji huko Valencina de la Concepción, mji mdogo ulio jirani na Sevilla kusini mwa Hispania, walifikia kaburi lenye vyumba viwili. Katika chumba kikubwa alilala mtu mmoja peke yake, kwa ubavu, amejikunja. Hilo pekee lilikuwa jambo la kushangaza. Katika Zama za Shaba, watu wa rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, walikuwa wakizikwa pamoja, mifupa ya huyu ikisukumwa pembeni kumpisha yule, kizazi baada ya kizazi. Kupewa chumba cha peke yako ilikuwa heshima ya nadra.

Halafu vikaja vitu alivyozikwa navyo. Juu ya kichwa chake paliwekwa pembe nzima ya ndovu wa Afrika, haijachongwa, uzito wake ukikadiriwa kuwa kilo 1.8. Kulikuwa na sahani kubwa ya udongo iliyokutwa na mabaki ya mvinyo na bangi, msharasi wa shaba, vifaa vya gumegume na vipande vya pembe vilivyofanyiwa kazi. Palikuwa pia na sinaba, ule unga mwekundu wa madini yenye zebaki ambao matajiri wa zama zile waliupenda bila kujua unawaua. Katika tabaka la juu, ambalo liliwekwa muda fulani baada ya maziko yenyewe, likatoka jambia ambalo ubapa wake umechongwa kwa jiwe la kwatzi linalopitisha mwanga, na mpini wake ni wa pembe ya ndovu uliopambwa kwa vishanga 90 vya ganda la chaza. Yaani watu walirudi kwenye kaburi lile kuongeza zawadi. Wataalamu wanaliweka katika kipindi cha takriban 2900 hadi 2650 KK.

Pembe ile ilivuka maji kutoka bara letu miaka karibu 5,000 iliyopita. Wasomaji wa pwani wanaojua historia ya pembe na misafara yake watanielewa nikisema kwamba anayemiliki pembe nzima na kuiacha bila kuichonga anatangaza kuwa hana shida nayo.

Uamuzi wa kwanza: mifupa

Mtaalamu akiletewa mifupa ya mtu mzima hutazama nyonga kwanza. Nyonga ya mwanamke imeumbwa ili mtoto apite: njia yake ni pana, pembe iliyo chini ya kinena imepanuka, na pengo la nyuma, mahali neva kubwa ya mguu inapopita, limeachama. Ya mwanamume imebana. Nyonga ikiwa nzima, mtu mzoefu hukosea mara chache. Isipokuwepo anageukia fuvu: ukingo wa juu ya jicho, kidevu, mfupa wa nyuma ya sikio. Hapo makosa yanaongezeka, maana kuna wanawake wenye paji zito na wanaume wenye sura laini, na tofauti hizo hubadilika kutoka jamii hadi jamii.

Mifupa ya Valencina ilikuwa imeharibika vibaya, nyonga ikiwemo. Umri ulisomeka, kati ya miaka 17 na 25. Jinsia ikaandikwa: pengine mwanamume.

Umri huo wenyewe ulikuwa mtego. Kijana wa miaka 18 hajamaliza kupata ugumu wa fuvu ambao mtaalamu anautafuta kwa wanaume, kwa hiyo mwili mchanga, uliovunjika, usio na nyonga ya kuaminika, ni mahali ambapo jicho linafanya kazi kwa kubahatisha. Hata hivyo sioni kosa katika uamuzi wa kuandika "pengine mwanamume". Mtaalamu aliandika alichokiona pamoja na shaka yake, na hiyo ndiyo kazi.

Kosa lilianza neno "pengine" lilipodondoka. Mtu akishakuwa maarufu hupewa jina, na jina halina nafasi ya shaka. Akaitwa Bwana wa Pembe. Kuanzia hapo waliosoma juu ya kaburi walilisoma wakiwa tayari na kijana wa kiume kichwani, tajiri, pengine chifu. Vitu vya kaburini havikupima jinsia, lakini vilikaa vizuri sana na dhana iliyokuwepo, na dhana inayokaa vizuri haipati wa kuihoji.

Kwa nini jino, na si DNA

Swali la kwanza la msomaji wa leo litakuwa: si wangepima DNA? DNA ni molekuli ndefu na dhaifu. Joto na maji huikatakata, vijidudu vya udongoni hula, na kinachobaki huchanganyika na DNA ya vijidudu hivyo pamoja na ya kila aliyeishika mifupa. Kusini mwa Hispania kiangazi ni kikali. Mifupa iliyochakaa kwa miaka elfu tano katika udongo kama ule si mahali pa kuwekea tumaini lote.

Enameli ni habari nyingine. Ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Seli zinazoijenga hufa kabla jino halijatokeza kwenye ufizi, kwa hiyo enameli haina seli wala DNA, na haijikarabati. Ilivyofungwa utotoni ndivyo inavyobaki. Lakini wakati wa kujengwa ilihitaji protini ya kuyapanga madini, na iliyo nyingi kuliko zote ni amelojenini. Kazi ikikaribia kwisha, vimeng'enya huikata vipande vipande na sehemu kubwa huondolewa ili fuwele zinenepe. Vipande vichache hunaswa katikati ya fuwele. Hapo maji hayaingii kirahisi, vijidudu haviingii kabisa, na vipande hukaa.

Bahati iliyoje kwamba jeni ya amelojenini ipo kwenye kromosomu X na ipo pia kwenye kromosomu Y, na nakala hizo mbili hazifanani kabisa! Mwanamke hutengeneza amelojenini ya X peke yake. Mwanamume hutengeneza zote mbili. Ila kuna jambo ambalo kisa hiki chote kinaning'inia juu yake: kwa mwanamume, nakala ya Y hutoa kiasi kidogo tu, takriban sehemu moja ya kumi ya amelojenini yote. Nyingine ni ya X.

Kipimo kinavyokwenda

Jino halisagwi. Uso wake husafishwa, kisha tone la asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kwa kawaida asilimia 5, hugusishwa kwenye enameli kwa dakika chache. Tone la kwanza hutupwa, maana limebeba uchafu wa juu. La pili ndilo linalohifadhiwa. Alama inayobaki ni doa dogo lililopauka, na jino hurudi kwenye kabati la makumbusho likiwa zima. Kwa yeyote aliyewahi kuomba ruhusa ya kupima kitu cha makumbusho, sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kuliko zote zilizotangulia.

Majimaji hayo huchujwa chumvi, kisha hupitishwa kwenye bomba jembamba linalotenganisha peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, moja na nyingine kulingana na mwendo wake, na zikitoka huko zinaingia kwenye spektrometa ya tungamo. Mashine hii huzipa molekuli chaji ya umeme na kupima uwiano kati ya tungamo lake na chaji hiyo. Katika tafiti nyingine za protini wataalamu hulazimika kuikata protini kwa kimeng'enya kabla ya kuipima. Hapa mwili ulishaikata tangu utotoni.

Tofauti inayotafutwa ni ndogo lakini haina utata. Tukiandika asidi amino, yaani viungo vinavyounda protini, kwa herufi zake, nakala ya X inatoa kipande SIRPPYPSY, na nakala ya Y inatoa SMIRPPY. Herufi ya kuangalia ni M, methionini, ambayo ya Y inayo hapo na ya X haina. Methionini hushika oksijeni baada ya muda, hivyo kipande cha Y hutafutwa kikiwa na oksijeni hiyo. Vikiwa na chaji mbili, cha X kinasomeka kwenye 540.28 na cha Y kwenye 440.22. Kisha mashine huvunja kila kipande na kupima vijipande vyake, ili mpangilio wa herufi uthibitike. Namba moja kufanana kwa bahati inawezekana. Mfululizo mzima wa vijipande kufanana kwa bahati ni vigumu mno.

Katika kisa chetu uamuzi muhimu ulikuwa wa kupima meno mawili ya mtu yuleyule, la mbele na gego. Meno hayo hayajengwi wakati mmoja, na kila moja lilikaa udongoni kwa namna yake. Likishindwa moja, lingine linaweza kusema. Yakikubaliana, hofu ya kubadilishana vibandiko au uchafu wa siku moja ya kazi inapungua.

Jibu

Meno yote mawili yalionyesha amelojenini ya X. Hakuna hata moja lililoonyesha ya Y. Makala ikatoka Julai 2023 katika jarida la Scientific Reports: aliyekuwa Bwana wa Pembe ni mwanamke. Jina likabadilishwa, akawa Bibi wa Pembe, na habari ikazunguka dunia kwa siku chache.

Uzito wa jibu hilo

Hapa nitakaa kidogo.

Ingekuwa amelojenini ya Y imeonekana, mjadala ungefungwa palepale. Mfano mzuri ni mifupa ya watu wawili waliozikwa wakishikana mikono huko Modena, Italia, kati ya karne ya 4 na ya 6 BK. Ilichimbuliwa mwaka 2009 na dunia ikawaita wapenzi, mume na mke. Mifupa haikutoa jibu, DNA haikutoa jibu. Mwaka 2019 enameli ikatoa: wote wawili walikuwa na protini ya Y. Wanaume. Walikuwa ndugu, askari wenza, au vinginevyo, enameli haijui, ila kuhusu jinsia hakuna aliyebaki na hoja. Protini ya Y haiwezi kutoka kwa mwanamke, na haiwezi kudondoka kutoka kwenye mkono wa mtafiti, kwa sababu ngozi haitengenezi amelojenini ya enameli.

Jibu la "mwanamke" haliji hivyo. Mashine haikuona kitu kinachoitwa uanamke. Iliona X, ambayo kila binadamu anayo, na haikuona Y. Ni kama kupiga hodi na kukosa jibu: huenda hakuna mtu ndani, huenda yupo na sauti yako haikufika. Ukitaka kuandika "hakuna mtu" lazima uonyeshe kwamba hodi yako ilikuwa ya kusikika.

Kusikika huko kunapimwa kwa nguvu ya X. Kwa kuwa Y ya mwanamume ni kama sehemu ya kumi, jino lenye X dhaifu, inayochungulia kidogo tu juu ya kelele za mashine, haliwezi kusema lolote. Sehemu ya kumi ya kidogo hicho ingekuwa chini ya kelele hata kama mtu alikuwa mwanamume mwenye ndevu. Lakini X ikiwa kubwa kiasi kwamba sehemu yake ya kumi bado ingeonekana wazi, kutoonekana kwa Y kunakuwa ushahidi. Ndiyo sababu baadhi ya watafiti wameacha kuandika "mwanamke" kama neno tupu na kuandika uwezekano, unaokokotolewa kutokana na ukubwa wa ishara ya X: jino hili lina uwezekano mkubwa sana, lile ni nusu kwa nusu, lile lingine lirudiwe au liachwe. Naona hiyo ndiyo adabu ya kazi hii.

Kuna mlango wa pili ambao ni nadra lakini upo. Baadhi ya wanaume hawana jeni ya amelojenini kwenye Y yao. Kipande hicho cha kromosomu kimekatika na kurithiwa hivyo kutoka kwa baba. Wanaishi kama kawaida, meno yao ni mazima, kwa kuwa X inatosha. Polisi wa vipimo vya DNA wanalijua tatizo hili vizuri, hasa Asia ya Kusini ambako limeripotiwa zaidi, maana vipimo vyao vya kawaida hutegemea jeni hiyohiyo. Mwanamume wa namna hii angetoka "mwanamke" kwenye enameli, bila kosa la mtu yeyote.

Sasa tazama kile kinacholindwa na meno mawili na kile ambacho hakilindwi. Ukipima meno mawili unajikinga na bahati mbaya ya jino moja: kuoza, kubadilishana, ishara dhaifu. Hujikingi na kukatika kwa jeni, kwa sababu jeni iliyokatika imekatika kwenye meno yote ya mtu huyo, hata ukipima thelathini na mawili. Nimeona watu wakinukuu "meno mawili" kama uthibitisho mara mbili wa jambo zima. Ni uthibitisho mara mbili wa nusu ya jambo.

Nikiweka yote kwenye mizani, je, nakubali kwamba alikuwa mwanamke? Ndiyo. Ishara ya X ilipatikana kwenye meno mawili, kukatika kwa jeni ni tukio adimu, na upande wa pili wa mizani palikuwa na "pengine" ya mifupa iliyoharibika. Ushahidi wa enameli si kamili, lakini ulishindanishwa na ushahidi dhaifu zaidi, si na nyonga nzima. Ingekuwa nyonga nzima ya kiume inapingana na Y iliyokosekana, ningesita.

Kilichofaulu

Kurudi kwenye kaburi lililokwisha kuamuliwa. Kaburi lilikuwa na jibu, jina na umaarufu, na bado kuna waliofungua tena faili. Kazi ya namna hii haina mvuto kwa wanaotoa fedha, ambao hupenda vilivyochimbuliwa jana.

Kuchagua kipimo kinachofuata hali ya kitu. Hawakulazimisha mifupa iliyochoka iseme zaidi. Walihamia kwenye sehemu ya mwili ambayo uharibifu uleule haukuifikia.

Kulinda jino. Kesho ikija njia bora, meno yapo.

Hapa niseme neno kuhusu njia nyingine za spektra zinazotajwa pamoja na hii, kwa sababu wanafunzi huzichanganya. Kuna Raman, inayomulika jino kwa leza na kusoma mwanga unaorudi, na kuna ya mwanga wa infraredi. Hazigusi jino kabisa, mashine zake ni za bei nafuu zaidi, nyingine hubebwa mkononi, na zipo tafiti zilizojaribu kutenganisha meno ya wanaume na ya wanawake kwa njia hizo. Lakini hakuna mstari kwenye spektra hiyo ambao ni wa Y. Kompyuta hujifunza tofauti ndogondogo za madini na kolajeni (protini ya ndani ya jino) kutoka kwenye meno ambayo jinsia yake inajulikana, mara nyingi yaliyong'olewa kliniki, kisha hukisia jino jipya linafanana na kundi lipi. Udongo nao hubadilisha kaboneti na floridi za jino lililozikwa. Modeli iliyofundishwa kwa meno ya kliniki ya juzi, ikipewa jino la Zama za Shaba, inaweza kuwa inasoma udongo na kuuita jinsia. Kwa mabaki ya muda mfupi, na kundi la kulinganisha la watu walewale, huenda njia hizi zikafika mahali. Kwa Valencina nisingezitumia.

Kilichokwama

Uamuzi wa jinsia ulikuwa hatua moja; hatua iliyofuata ilikuwa ndefu zaidi. Kichwa cha makala kilizungumzia uongozi wa wanawake, na hoja ilijengwa hivi: hakuna kaburi la zama zile Iberia linalolingana na hili kwa utajiri, makaburi ya watoto wachanga hayana vitu vya kifahari, kwa hiyo cheo hakikurithiwa bali kilipatikana mtu akiwa hai, basi mwanamke huyu alijipatia nafasi ya juu kuliko wote.

Hoja ya watoto ni nzuri na inastahili kujadiliwa. Lakini "tajiri kuliko wote kaburini" na "kiongozi" ni mambo mawili. Mtu anaweza kuzikwa kwa fahari kwa sababu alikuwa mganga, kuhani, binti aliyependwa, au aliyekufa kwa namna iliyowatisha watu. Zawadi zilizoletwa baadaye zinaonyesha kwamba alikumbukwa. Hazisemi alikumbukwa kwa lipi. Enameli ilibeba mzigo wake mpaka kwenye jinsia, na baada ya hapo mzigo ulipaswa kubebwa na hoja za akiolojia peke yake. Katika vyombo vya habari uhakika wa mashine ulimwagika ukalowanisha sentensi zote zilizofuata. Lile neno "pengine" lilidondoka mara ya pili, safari hii upande wa pili.

Jirani na kaburi hili kuna tholosi la Montelirio, kaburi kubwa la mawe ambalo chumba chake kikuu kilikuwa na watu 20, angalau 15 kati yao wakitajwa kuwa wanawake. Utafiti uliotoka 2025 ulihesabu humo shanga zaidi ya 270,000, nyingi za ganda la baharini, zilizoshonwa kuwa mavazi. Makaburi haya mawili husomwa pamoja kama picha moja ya wanawake wenye nguvu, na picha hiyo inavutia, mimi mwenyewe naiona ina uzito. Ila kila anayeinukuu aulizwe swali moja kuhusu kila mtu aliyemo: jinsia yake ilitoka kwenye mfupa au kwenye enameli? Tusije tukasahihisha kaburi moja kwa jino kisha tukaliunga mkono kwa jirani aliyesomwa kwa njia ileile iliyokosea mwanzo.

Kwa mabaki ya kwetu

Nchi zenye joto ndizo zenye sababu kubwa zaidi ya kujifunza kipimo hiki. DNA kongwe ya binadamu iliyowahi kusomwa kusini mwa Sahara ilitoka kwenye pango la Mlambalasi, Iringa, na ina miaka takriban 18,000. Enameli imekwenda mbali zaidi kwa namna isiyo na ulinganifu: mwaka 2025 protini za meno ya Paranthropus robustus, jamaa wa kale wa binadamu aliyekwisha kutoweka, kutoka Swartkrans, Afrika Kusini, yenye umri wa takriban miaka milioni 2, zilisomwa na kutoa jinsia. Mmoja wao, aliyekuwa akidhaniwa jike kwa udogo wa meno yake, alionekana kuwa na protini ya Y. Dume. Kosa la Valencina lilijirudia likiwa limegeuzwa, na safari hii jibu lilikuwa la aina isiyohitaji mjadala.

Kwa miili ya karibuni, ya ajali au ya makaburi ya siri, mambo yanabadilika. Ndugu waliosimama nje ya chumba cha maiti hawaulizi jinsia, wanaulizia mtu wao. Enameli haiwezi kumtaja. Amelojenini ya mwanamke mmoja ni ileile ya mwanamke mwingine. DNA ikipatikana ndiyo itangulie, na enameli ingoje pale DNA inaposhindwa, au pale palipo na vipande vya watu wengi vilivyochanganyika na kazi ya kwanza ni kupunguza orodha.

Mahali ambapo enameli haina mpinzani ni kwa watoto. Nyonga ya mtoto haijagawanyika kiume na kike, na fuvu lake vivyo hivyo, kwa hiyo ripoti za mifupa ya watoto kwa miongo mingi zimejaa neno "haijulikani" kwenye safu ya jinsia. Meno ya utotoni huanza kujengwa mtoto akiwa tumboni, na protini yake ni hiyohiyo. Ila sharti ni lilelile. Ripoti ikisema "mvulana", onyesha kilele cha 440.22 na vijipande vyake. Ikisema "msichana", onyesha ukubwa wa X, kiwango cha chini ambacho mashine yako siku ile ingeweza kuona, sampuli tupu iliyopitishwa kabla yake, na jino la mwanamume anayejulikana lililopimwa siku hiyohiyo likiwa na X ya ukubwa unaofanana. Zikikosekana hizo, safu hiyo iandikwe "haijulikani" kama zamani.